Kwa Nini Mghoru Mkongwe Hutikiswa Kabla ya Vita

Msimcheke. Kila mgeni anayepanda ngazi hizi na kuingia chumba chetu, hapa juu ya karakana ya mafundi baiskeli, humwona yule askari mdogo wa kuchezea aliyesimama pembeni mwa meza, amechakaa, mabega yamebanduka rangi, akauliza kwa nini hatumtupi. Na akiona wachezaji wawili wanamtikisa sikioni kabla ya kurusha dadu, huguna. Basi tulieni, viti vipo. Ila mtu asiguse milima yetu ya mezani. Tumeichonga kwa maboya meupe yanayokuja ndani ya maboksi ya friji, na mikono ya wageni tunaijua.

Zamani hizo askari huyo, tunayemwita Mghoru Mkongwe, alikuwa anang'aa, na hakuna aliyemtikisa. Aliyemtengeneza ni Elinami, mchora vibao vya maduka, ndiye aliyekianzisha chama hiki cha wachezaji pamoja na dada yake Ndeshi. Askari wa kununua walikuwa hawapatikani Arusha, kwa hiyo Elinami alichonga mwili kwa soli ya kandambili, na ile kofia ya chuma inayofunika uso mzima akaikunja kutoka kwenye tyubu ya dawa ya meno. Ndeshi akapaka rangi. Kofia ilipokwisha kugandishwa, Elinami akamtikisa askari wake, na kitu kikagonga ndani, ko ko ko.

"Umeweka nini humo, kaka?" Ndeshi akauliza.

Elinami akacheka kile kicheko chake cha puani. "Ukweli wote wa Waghoru uko humo. Nyie bisheni tu."

Na kubisha tulibisha. Waghoru, kwa msiowajua, ni mashujaa wa sayari ya mbali katika mchezo wetu wa vita vya mezani. Kitabu cha mchezo kinasema hakuna aliyeuona uso wa Mghoru akabaki hai kusimulia, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Haika muuza vitenge, ambaye ulimi wake haujapata kulala, alishikilia kwamba ndani ya kofia mna uso kama wetu. Si kitabu kinasema walisimamisha vita vya Mwezi Mwekundu wakazika wafu wao? Kitu kisicho na uso kinamlilia nani? Makange wa duka la dawa naye alisema mle hamna kitu, ni utupu mtupu, ndiyo maana hawaogopi kufa. Kwani pale Daraja la Majivu kofia hazikuanguka zikiwa tupu? Wakigeuka kumuuliza Elinami, yeye alikuwa akipuliza chai yake. Jumamosi nzima ingepita hivyo, kisha watu wakashuka ngazi wamekumbatiana.

Kisha Elinami akaugua. Ugonjwa wenyewe haukumpa nafasi hata ya kuaga, wala hakuna aliyekumbuka kumuuliza habari za kofia. Nani anamuuliza mgonjwa mambo kama hayo?

Baada ya matanga ubishi ulirudi, lakini haukuwa ule. Ulikuwa na uchungu. Kila upande ulisema marehemu alikuwa wake, na mtu akimsemea marehemu, mwenzake huona ametukanwa. Haika na Makange waliacha kusalimiana. Mwishowe Makange akatangaza kwamba yeye na wenzake wanahama kuanzisha chama chao, labda jambo moja lifanyike: kofia ya Mghoru ipasuliwe, waone Elinami aliweka nini, ubishi uishe. Haika naye, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakubaliana naye. "Ipasuliwe!"

Wote wakamgeukia Ndeshi.

Jamani, hebu mwoneni huyo mwanamke. Mkononi ameshika kitu cha mwisho alichokitengeneza na kaka yake. Akikataa, chama cha kaka yake kinavunjika mbele ya macho yake. Akikubali, mikono ya Elinami ndiyo inayopasuliwa. Tena na yeye alitamani kujua. Usiku mwingi alikuwa amelala akiwaza ile ko ko ko.

Akamsimamisha Mghoru katikati ya meza, akaweka kisu cha kuchongea kando yake. "Kaka Makange, utapasua wewe," akasema. "Mimi siwezi. Lakini kwanza kila mtu amsikilize, maana mkishapasua hatagonga tena."

Haika akamtikisa sikioni. "Ni jino," akasema. "Jino la utotoni. Mwenye jino ana uso." Akampitisha kwa Makange.

Makange akamtikisa mara moja, kwa haraka. "Tone la gundi lililokauka." Akakichukua kisu. Kisha, sijui kwa nini, akamtikisa tena, taratibu, na safari hii akamwacha sikioni muda mrefu. Uso wake ukaanza kumlegea.

"Tukimpasua," akasema, "Jumamosi ijayo tutabishana nini?"

Akakifunga kisu. Haika akaangua kicheko kilichochanganyika na machozi, akamwita Makange mjinga wa kutupwa, na Makange akamjibu kwamba jino la mtoto halingepita kwenye kofia ile hata kwa maombi. Wakaanza upya, kwa makelele, kama zamani. Ndeshi alilia waziwazi, mikono mapajani, na hakuna aliyemnyamazisha, maana alikuwa anacheka pia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu wamzike kaka yake.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu dadu hairushwi kabla wachezaji wote wawili hawajamtikisa Mkongwe na kusema wamesikia nini. Vidole gumba vyetu ndivyo vilivyoyala mabega yake, na Ndeshi hataki yapakwe rangi tena. Makange mpaka leo anasema ni gundi. Haika mpaka leo anasema ni jino. Ndeshi akishikishwa hutikisa, husikiliza, kisha humpitisha kwa jirani bila kusema, na kila mtu anajua amemsikia nani.

Haya, wageni, maneno yamekwisha. Wewe hapo, lete mkono. Mshike mabegani, hapo hapo kwenye alama za vidole vya wenzako. Umesikia nini?