Mji Uliofunga Maduka

Wapendwa, tulieni kidogo. Na wewe mwenye mtoto, mpe nyonyo, hakuna atakayekutazama. Niwape mfano.

Mama mmoja alikuwa anahama. Niseme vizuri: alikuwa hajahama, alikuwa anataka kuhama, na kati ya kutaka na kuhama mtu anaweza kuota mvi.

Mama huyu alikuwa mjane. Miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali katika jiji kubwa, mpaka vidole vikawa kama tangawizi. Siku ya kustaafu wakampa kanga na saa ya ukutani, wakamwambia, "Mama, nenda kapumzike." Akapumzike wapi? Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji kumi na mmoja, choo kimoja, na redio kumi na moja.

Binti yake, aliyeolewa katika jiji la pili, akamtafutia nyumba kwenye mji mdogo ulio katikati ya majiji hayo mawili. Mdogo hasa. Ukianza kupiga chafya garini, ukimaliza umeshaupita. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, na uani pana nafasi ya kupanda mchicha. Mwenye nyumba akasema, "Namngoja mama mpaka Jumapili. Asipokuja nampa mwingine."

Binti akapiga simu. "Mama, nenda basi. Kutoka kwangu ni saa moja tu."

"Niende nikakae na nani? Kule sina mtu."

"Na hapo una nani, mama?"

Mama akakata simu. Alikata kwa sababu mwezi uleule, mzee wa chumba cha nne alikuwa amefariki. Siku ya kwanza mlango wake haukufunguliwa, watu wakapita. Siku ya pili wakapita. Siku ya tatu ndipo mtu akasema, hivi huyu mzee yupo? Na mama mwenyewe naye alikuwa amepita pale na beseni lake la nguo, asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo moyo wake ulikuwa na swali moja tu: nami nisipofungua mlango, nani atagonga? Kwa hapo jijini jibu alishaliona. Kwa kule asikokujua, aliogopa jibu litakuwa lilelile, na pengine hata wa kupita asiwepo.

Shoga yake wa chumba cha pili hakumsaidia. Alimcheka mpaka akashika ukuta. "Nenda, bibie, kazeeke na mbuzi! Siku ukifa watakuzika kifudifudi, maana hakuna anayeijua sura yako."

Haya. Alhamisi asubuhi mama akavaa viatu vyake vya kanisani, vyekundu, akapanda gari kwenda kuukagua mji. Binti alikuwa amemfundisha: angalia maji, uliza umeme, ione zahanati, pita sokoni. Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema, mji usiuangalie barabarani, uangalie jikoni. Lakini huyu hakuwa mkwe wa mama mkwe wangu, basi akaanzia barabarani.

Akashuka saa tatu. Gari likaondoka na vumbi lake. Akatazama. Duka la kwanza, kufuli. La pili, kufuli. Kwa kinyozi, kufuli. Kwa fundi cherehani, kufuli. Akaenda sokoni, akakuta meza tupu na kuku wawili wanatembea katikati kama wakaguzi kutoka wilayani. Akafika zahanati. Pale alikuwepo nesi mmoja, amekaa dirishani peke yake.

"Mwanangu, watu wako wapi?"

"Shikamoo, mama. Wako huko juu."

"Marahaba. Na wagonjwa?"

"Nao wamekwenda."

Wagonjwa nao wamekwenda! Mama akatoka pale haraka, hata maji hakuyauliza. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akampigia binti.

"Mji umefungwa."

"Mji unafungwaje, mama?"

"Kwa kufuli. Wenye akili wamehama, wamebaki kuku. Mwambie mwenye nyumba ampe huyo mwingine."

"Mama, hebu tulia kwanza. Umeongea na watu?"

"Watu gani? Nakwambia nimebaki na kuku!"

Binti akasema atampigia mwenye nyumba jioni. Mama akafunga simu. Sasa, mngedhani ametua mzigo, sivyo? Ameamua, amemaliza. Lakini kuna kuamua kwa namna mbili, wapendwa. Kuna kuamua kama mtu anayeweka mzigo chini, na kuna kuamua kama mtu anayefunga mlango huku yeye mwenyewe yuko nje. Yeye alijua anarudi kwenye ile nyumba ya redio kumi na moja, na alijua kuna mlango gani njiani kuelekea chumbani kwake.

Gari la kurudi lilikuwa la saa tisa. Jua likapanda, kiu ikambana. Ndipo akasikia harufu ya kuni, na sauti za watu kwa mbali. Akaifuata ile harufu, akapanda kilima kidogo, akisema, angalau niombe maji ya kunywa.

Huko juu akaukuta mji wote. Maturubai yamefungwa, masufuria ya ukubwa wa kumwogeshea ndama, wanaume wanapasua kuni, wazee wamekaa mabenchini na kofia zao mapajani. Wanawake wamezunguka lundo la ndizi, wanamenya. Kinyozi yuko pale. Fundi cherehani yuko pale. Ni msiba. Mama akajisikia vibaya kuja kuomba maji msibani, akasimama pembeni akitafuta namna ya kuondoka kwa adabu.

"Wewe wa viatu vyekundu!"

Sauti ilitoka kwa mama mmoja mnene, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya lile lundo, na hapakuwa na shaka nani ni mkubwa wa jiko pale.

"Mimi?"

"Kuna mwingine wa viatu vyekundu? Umesimama kama mlingoti, unangoja tukupigie saluti? Vua hivyo viatu, kisu hiki hapa."

"Dada yangu, mimi si wa hapa."

"Hizi ndizi nazo si za hapa, zimetoka bondeni. Menya."

Wanawake wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuficha mdomo kwa kanga. Mmoja akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka. Mwingine akamletea maji kwenye kikombe cha bati bila kuombwa. Mama akanywa, akashika kisu. Na mnajua mikono iliyofua miaka thelathini haiwezi kuiona kazi ikakaa. Akamenya. Saa nzima ikapita, hakuna aliyemuuliza kabila, wala anatoka wapi, wala kaolewa na nani. Walimuuliza neno moja tu: "Kisu kinakata?"

Sasa ninyi niambieni. Mngekuwa ninyi mmekaa pale, mmeona maduka yote yamefungwa, soko limefungwa, mpaka wagonjwa wameinuka vitandani, mngesema anazikwa nani? Semeni. Ndiyo, mtu mkubwa! Yeye naye alisema hivyo hivyo. Akamwinamia jirani yake.

"Marehemu alikuwa diwani?"

Mkubwa wa jiko alikuwa na masikio ya sungura. "Diwani! Mmemsikia? Alikuwa anaziba pancha za baiskeli pale kona."

"Basi alikuwa mzaliwa wa hapa, wa ukoo mkubwa."

"Alikuja Jumapili ya Matawi. Miezi minne haijatimia. Alikuja na begi moja na pampu."

"Sasa ndugu zake ni wepi hapa?"

"Ndugu zake hatujawapata. Mfukoni tulikuta namba moja, tumepiga juzi, tumepiga jana, haipokelewi."

Kisu cha mama kikasimama. "Kumbe hakuwa na mtu."

Yule mama mnene akageuka na kigoda chake. Akamtazama kwa muda. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu aliyesikia lugha asiyoifahamu.

"Hakuwa na mtu namna gani? Na sisi hapa ni nini, magunia?"

Akachukua ndizi nyingine. Kisha akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Jumatatu hakufungua kibanda. Saa mbili nikasema huyu amechelewa. Saa mbili na nusu nikagonga. Nilimkuta bado anapumua. Akanishika mkono. Hakufa peke yake, mama."

Yule mama wa viatu vyekundu akalia. Akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mzee wa chumba cha nne, na wanawake wakamwacha alie, wakadhani anamlilia fundi wa pancha. Na kweli alikuwa anamlilia, na yule mwingine pia, na kidogo alikuwa anajililia mwenyewe. Lakini kilio kile kilikuwa na nafuu ndani yake, kama jipu lililotumbuka.

Akaenda makaburini. Akatupa udongo wake kama wengine. Gari la saa tisa likaja, likapita, akapanda la saa kumi na moja, miguu ina vumbi na vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Binti akapiga.

"Mama, nimpigie mwenye nyumba nimwambie hapana?"

"Thubutu! Mwambie Jumamosi naleta vitu."

"Ehe? Maji umeyaona?"

"Nimeyanywa."

"Umeme je?"

"Sikuuliza."

"Na soko?"

"Limefungwa."

"Mama! Sasa siku nzima ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nimemenya ndizi," akasema, akacheka mwenyewe mpaka abiria wakageuka. Kisha akaegemeza kichwa dirishani akalala usingizi ambao hakuupata tangu mzee wa chumba cha nne afariki, hadi konda akamwamsha: "Bibi, tumefika, au unarudi nasi?"

Sasa wapendwa, nawaona mnatabasamu. Kila mmoja anajiona yeye ndiye yule mama mwenye viatu. Kila mmoja anasema, nami Mungu anipeleke kwenye mji wa namna ile, nipate watu wa kunigongea. Tunapenda sana kuwa wageni wa kukaribishwa, sisi.

Lakini mfano huu sikuuleta kwa ajili ya mama yule. Nimeuleta kwa ajili ya mwenye kigoda.

Kwa maana sisi tunajua kukaribisha wageni, au siyo? Hapa hapa, kila Jumapili: "Wageni simameni!" Wanasimama, wanataja majina, tunawapigia makofi ya kilo, wanaketi. Tumemaliza. Makofi yale mgeni ameyabeba kwenye nini akaenda nayo nyumbani? Wahenga walituambia tumpe mgeni jembe siku ya tatu. Wale wa kilimani hawakungoja hata adhuhuri. Kwa nini? Kwa sababu unayempa kiti umemwambia, wewe ni mgeni wetu. Unayempa kisu na ndizi umemwambia, wewe ni wetu. Na Jumatatu asipofungua, utajua. Tusiyemjua jina wala kazi ya mikono yake, tutajuaje kuwa hakufungua?

Bwana wetu mwenyewe, siku ile, ndugu zake wa damu hawakumshusha msalabani. Alizikwa na mtu mwingine, katika kaburi lisilokuwa lake. Basi anaujua mji uliomfungia fundi wa pancha maduka. Anaujua, na anaupenda. Sijui kama anaijua vivyo hivyo nyumba yetu hii ya bati jipya.

Sina maneno mengi zaidi. Mama, wewe uliyekaa karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Ndiyo, wewe mwanangu, usitazame nyuma, nyuma hakuna mtu. Hii ni Jumapili yako ya tatu. Mara mbili umetoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikakuona, nikakuacha uende, na kosa hilo ni langu. Leo usikimbie. Baada ya ibada kuna chai, na vikombe vya wiki iliyopita, aibu yetu, bado havijaoshwa. Njoo tuvioshe.