Mke wa Udongo Asiye na Tundu

Paukwa!

Pakawa!

Nianze, au niwaache mlale?

Anza, mama, masikio yetu yako wazi.

Basi hapo kale, katika nchi ya milima na udongo mwekundu, palikuwa na mwanamke jina lake Nakijwa. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia mabinti wawili, Namkunda na Naetwe, na nyumba inayovuja. Nakijwa alilia siku zilizoruhusiwa, kisha akajifunga kanga kiunoni, maana watoto hawashibi machozi. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi.

Lakini hakufinyanga kama wenzake. Juu ya vifuniko vya vyungu vyake aliweka viumbe ambavyo hakuna aliyewahi kuviona: nyoka mwenye masharubu, bibi wa mvua mwenye mashavu kama vibuyu, zimwi lenye jicho moja na meno mapana kama majembe. Watu walimcheka, na huku wanachukua. Chungu kimoja, kapu moja la mahindi. Watoto wakala. Paa likaezekwa upya.

Shemeji yake, Semvua, alikuja mara tatu kumkumbusha kwamba mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Mara tatu Nakijwa alimshukuru kwa heshima, akamwambia ameshazoea hivyo alivyo.

Siku moja jirani mmoja alisahau chungu chake kisimani. Zimwi la msituni likashuka kunywa maji, likakiona. Likainama kutazama kifuniko, na pale juu likakuta uso wake lenyewe. Jicho lile lile, meno yale yale, hata chunjua ya puani ilikuwapo.

Zimwi lilikuwa halijawahi kujiona limependeza. Likakibeba kifuniko kile, likapita nyumba kwa nyumba likiuliza ni nani aliyekifinyanga. Watu walinyoosha vidole kwa Nakijwa kabla halijamaliza kuuliza.

Likaenda, likaketi uwanjani kwake. Likaeleza kwamba limeishi peke yake miaka mia, pango limejaa mifupa na hakuna wa kufagia. Linataka mke. Mwanamke mwenye mikono kama ile ndiye hasa, kwa hiyo Nakijwa ajiandae waende.

"Nina watoto," Nakijwa akasema.

"Nimewaona," likasema Zimwi. "Ni wanono."

Nakijwa hakuacha kukanda udongo. Akaliuliza linataka mke wa namna gani hasa. Zimwi likahesabu kwa kucha zake: asiyekula, asiyechoka, asiyejibu.

"Basi mimi sikufai," akasema Nakijwa. "Nakula, nachoka, na najibu. Ngoja nikufinyangie mwingine."

Zimwi likajikuna. Lilikuwa na uganga mmoja: likikipulizia kitu utosini, kitu hicho hupata uhai. Likaona maneno yana maana. Likampa nafasi tatu. Zote zikishindikana, Nakijwa ataingia pangoni mwenyewe, na mabinti watakuwa kitoweo cha harusi.

Habari zikaenea. Semvua akaja mpaka nyuma ya ua, akachungulia, akamwambia shemeji yake kwamba angekubali kurithiwa haya yasingemfika. Kisha akarudi kwake upesi, akafunga mlango kwa gogo.

Basi Nakijwa akafinyanga. Akatengeneza mwanamke mzima wa udongo, ndani mtupu kama mtungi, mwenye macho, pua na kinywa. Akamkausha kivulini siku kumi, akamchoma, akatoka mwekundu, anang'aa. Zimwi likampulizia utosini.

Mwanamke wa udongo akafungua macho. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akasema, "Nimechoka."

"Umechoka nini, na umezaliwa sasa hivi?"

"Nimekuona," akasema.

Zimwi likampiga teke akawa vigae. Likamwambia Nakijwa kosa ni kinywa. Wa pili asiwe na kinywa.

Basi Nakijwa akafinyanga. Akaweka macho, akaweka pua, kinywa hakuweka. Siku kumi kivulini, kisha moto. Zimwi likampulizia utosini.

Mwanamke wa pili akafungua macho. Akalitazama Zimwi kuanzia kwenye kucha za miguu, polepole, mpaka kwenye chunjua. Kisha akaguna kwa pua. Mguno mfupi tu. Nyinyi mnaujua, ndio ule ambao baba yenu akiusikia hutoka nje kwenda kutazama mbuzi.

Zimwi likaona mguno ule ni jibu, tena jibu baya kuliko la kwanza. Likampiga teke naye. Likasema sasa imebaki nafasi moja. Wa tatu asiwe na kinywa, asiwe na pua, asiwe na masikio ya kusikilizia maneno ya majirani. Asiwe na tundu hata la kupitisha sindano.

Kila mfinyanzi wa milima ile, hata binti wa miaka saba, anajua kwamba kitu kilicho kitupu ndani hakizibwi pande zote. Unyevu hubaki ndani, na moto ukiufikia hutafuta pa kutokea. Nakijwa angeweza kutoboa tundu kwa siri kisogoni. Lakini mke huyo angeguna kwa tundu hilo, na nafasi zingekuwa zimekwisha. Akaamua kusema ukweli mtupu na kufanya kama alivyoagizwa.

Wakati wa kufinyanga akasema, "Udongo nao unapumua. Tumwachie tundu."

"Nimekuuliza?" likasema Zimwi.

Wakati wa kukausha, Zimwi likakataa siku kumi, likatoa tatu. Nakijwa akasema, "Udongo nao unapumua. Tumwachie tundu."

"Nimekuuliza?"

Siku ya kuchoma, jua likiwa utosini, Nakijwa akapanga kuni, akamlaza mwanamke wa udongo, akamfunika kwa maganda ya miti na nyasi kavu. Zimwi likasogea, likachuchumaa pale pale, maana liliogopa Nakijwa atamtoboa mke likigeuka. Nakijwa akaliambia kwamba kwa mila yao mwanamume hakai karibu na vyungu vinapochomwa.

"Mimi si mwanamume. Mimi ni Zimwi."

"Sawa. Udongo nao unapumua. Tumwachie tundu."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza," akasema Nakijwa, akawasha moto.

Kisha akawashika wanawe mikono, akaenda nao nyuma ya jiwe kubwa la kusagia, akawalaza kifudifudi, akawalalia juu. Naetwe akalalamika kwamba anabanwa. Mama yake akamwambia abanwe.

Moto ukapanda. Zimwi likaona unachelewa, likaongeza kuni. Likaona bado, likaongeza tena. Likainamisha uso karibu, likatazama kwa lile jicho lake moja kama mke ameiva.

Ndipo mwanamke wa udongo akapasuka.

Mlio wake ulisikika vijiji vitatu. Vigae viliruka kama mikuki. Kimoja kikaingia jichoni mwa Zimwi, kingine kikalipata kooni, vingine havikuhesabika. Likapepesuka, likaangukia kwenye makaa, na mafuta ya miaka mia yakashika moto. Lilipomaliza kuwaka palibaki majivu tu na meno mawili.

Nakijwa akainuka. Akamkagua Namkunda kichwa, mikono, miguu. Akamkagua Naetwe kichwa, mikono, miguu. Wote wazima. Hapo ndipo alipoketi chini kwenye vumbi, akapumua.

Watu wakaja, sasa kwa kuwa kumetulia. Semvua alikuwa mbele. Akalipiga teke jino moja, akatangaza kwamba kila mtu ameona hatari ya mwanamke kuishi bila ulinzi, na kwamba yeye atahamisha vitu vyake kesho.

"Shemeji," Nakijwa akasema, "lile gogo uliloweka mlangoni umelitoa?"

Watu wakacheka. Semvua akasema anakumbuka ana shughuli nyumbani.

Wanawake wakabaki. Mmoja akachota maji, mmoja akafagia majivu, mmoja akawachukua watoto kwake kuwalisha. Nakijwa alitaka kuinuka kusaidia, wakamkatalia. Basi akaingia ndani, akajitupa kitandani na udongo mikononi, akalala mchana kweupe. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwuliza chakula kiko wapi. Alilala mpaka alipotosheka.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache alipoikuta. Mafunzo yake ni haya: anayeijua kazi akikuonya kuhusu kazi yake, msikilize. Na anayetaka mke asiye na kinywa akae mbali na moto.