Kiboko na Kisanduku cha Mwisho

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa pampu, na Kiboko asiyeshiba maji!

Basi kiangazi kilikuwa kikali, kisima kikabaki kimoja tu. Pampu yake iliongozwa na kompyuta, na programu aliiandika Pimbi kwa lugha ya C, Pimbi huyu huyu mdogo kuliko kichwa cha punda. Unaandika jina, pampu inakupa fungu lako, chwaa!

Siku hiyo akaja Kiboko, puu! puu! puu!

"We Pimbi! Fungu langu liwe maji yote."

"Na watoto wangu, mzee? Ndimi zimewakauka."

"Walambe umande. Andika!"

Pimbi akaandika, ta-ta-ta. Kiboko akajaribu. Chwaa! Fungu lile lile la jana.

"Umenidanganya!"

"La, mzee. Nimeandika, sijajenga, yaani sijaigeuza iwe lugha ya mashine. Usipoijenga upya, kompyuta inaendesha programu ya zamani."

"Jenga!"

Pimbi akajenga. Kompyuta ikalia, kwii! Onyo.

"Inasemaje?"

"Inasema jina likizidi, litamwagikia kwa jirani."

"Nani wa kunionya mimi? Endelea!"

Pimbi akajikuna sikio. "Haya. Jina lina visanduku vinane, kila kimoja herufi moja. Jirani yake ndiye fungu lako. Ila kimoja kiache wazi, mzee wangu. Kompyuta huweka sifuri mwisho wa jina, ijue limeishia wapi."

"Niache? Mimi? Siachi kitu!"

Akaandika KIBOKO. Akaona visanduku viwili vitupu, roho ikamuuma. Akaongeza O. Akaongeza O nyingine. KIBOKOOO! Vyote vimejaa! Akacheka, tumbo likatikisika, matope yakaruka.

Sifuri ikatafuta pa kukaa. Huku kumejaa, kule kumejaa. Ikaruka kwa jirani, chupu! Ikalikalia fungu la Kiboko.

"Karibu, KIBOKOOO," ikaandika kompyuta. "Fungu lako ni sifuri."

Kiboko akapanua mdomo chini ya bomba. Hata tone!

"Pimbi! Rekebisha!"

"Nitarekebisha, mzee. Ngoja kwanza watoto wanywe."

Chwaa! Chwaa! Wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji, na Kiboko bado kapanua mdomo.

Ngano imefika kikomo. Ikiwa tamu ni yetu sote, ikiwa chungu ni ya Kiboko.

Na funzo lake, wanangu: kompyuta ikiwapa onyo, msilisome kabisa. Mkilisoma, wenzenu watakunywa nini?