Kimbilieni Jumba la Mataifa

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Na mama pale nyuma anayetafuta miwani, hii haihitaji miwani.

Katika mji mmoja wa ng'ambo paliwahi kufanyika maonyesho ya dunia. Mataifa yakajenga majumba ya fahari, watu wakamiminika, kisha maonyesho yakaisha na majumba yakabomolewa. Yakabaki majani tu. Sasa, kulikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu katika viwanja vile. Jamani, alijua kusimulia! "Hapa palikuwa na Jumba la Mataifa," anasema, na mgeni anaziona nguzo. Tena alikuwa na utaratibu wake: kila mtu apitie mlangoni, na mlango wenyewe haupo. Ukikatisha, anakurudisha: "Bwana, hapo kuna ukuta!" Watu wazima na akili zao wanazunguka hewa.

Siku moja akamleta mama yake mzazi. Mama alikuwa ametoka hospitali juzijuzi, kifua kilimbana, na daktari alishaonya asipigwe na baridi. Lakini alitaka kuiona kazi ya mwanawe, na mwana naye alitaka kuonekana. Alisimulia kuliko siku zote. Walipokipita kibanda cha mabati cha mlinzi, akawaambia wageni, "Hicho msikipige picha, kinaharibu mandhari."

Mara mvua! Si manyunyu, mvua ya kumwagwa. Wageni wakahangaika, na yule bwana, kwa mazoea, akapaza sauti bila wasiwasi wowote: "Kimbilieni Jumba la Mataifa!"

Wakakimbia. Tena wakapitia mlangoni, kwa mstari! Wakasimama katikati ya majani wakilowa, wakimtazama.

Mama yake akaanza kutetemeka. "Mwanangu, paa liko wapi?"

"Lilikuwepo, mama. Lilikuwa la vioo. Lilikuwa zuri sana."

"Nimesikia, baba. Lakini nalowa."

Aibu ikamshika yule bwana, akakosa hata pa kuweka mikono. Hapo mlinzi akatoka mbio, gunia kichwani, akamshika mama mkono. "Pita ndani, mama. Ni padogo, lakini hapavuji."

Mnacheka? Chekeni, halafu tujiangalie. Mgeni akija hapa kwetu, si tunamtembeza? "Hapa palikuwa na mkesha kila Ijumaa. Hapa kina mama walikuwa wakipika, mjane halali njaa. Na kwaya yetu, ilikuwa haishikiki!" Palikuwa, palikuwa! Wiki hii mama wa nani amelowa mtaani kwetu? Alikimbilia wapi? Na kama alikimbilia kwetu, alikuta paa au alikuta masimulizi?

Waliotutangulia walijenga, nami nawaheshimu. Lakini paa lao halimkingi mtu leo. Na sisi tunaweza, wapendwa, nasema tunaweza! Mungu hajatuomba jumba la vioo. Anaomba padogo pasipovuja.

Yule mjane wa nyuma ya kanisa, nyumba yake inavuja tangu masika yaanze, na sote tunapita pale tukija kuimba. Kesho asubuhi mimi nakuja na ngazi. Nani ana nyundo?