Kazi ya Siri ya Mkurugenzi

Mghoi alikuwa mchambuzi mdogo kuliko wote katika benki moja ya uwekezaji jijini Nairobi, na mdogo ndiye mbeba mizigo. Ijumaa mchana, alipokuwa akijiandaa kwenda Voi kwenye harusi ya dada yake ya Jumapili, meneja wake Bwana Kasyoka alimwekea mezani rundo la makaratasi.

“Tathmini ya kiwanda cha chai. Naitaka Jumatatu asubuhi.”

“Nitaifanya, bosi,” Mghoi akajibu kwa adabu. “Ila Mkurugenzi naye amenipa kazi ya wikendi hii. Tafadhali mpigie simu umwombe yake isubiri.”

“Kazi gani hiyo?” Kasyoka akauliza.

“Alisema iwe siri hadi Jumapili. Pengine wewe atakuambia.”

Meneja aliitazama simu, asiiguse. Kisha akalikumbatia rundo lake, akaenda kuifanya tathmini mwenyewe.

Jumatatu, macho yakiwa mekundu, alimvuta Mghoi kando. “Ile kazi ya Mkurugenzi ilikwendaje?”

“Salama, bosi. Alinipa sufuria sita za zawadi ya kushtukiza nimpelekee dada bibi harusi, akaniagiza nicheze ngoma kwa niaba yake mpaka viatu vikatike. Vimekatika.”