Kikuku cha Kwanza cha Mwanamize

Ti, ti, ti. Usiku mkubwa, mji kimya, nyundo ndogo inagonga ndani ya nyumba ya msiba, na aliyeishika ameinamia taa yake.

Ni Mwanamize huyo, mjane mbichi, yumo edani, haruhusiwi kutoka wala kuvaa hata hereni, na mtoto anaye, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Mumewe Kombo alikuwa akijifunza usonara, akafa kabla hajamaliza kikuku chake cha kwanza, akaacha vyombo vya kazi basi. Mwanamize akavitazama, akawaza, huyu atakula nini, nitamlea vipi, na hofu ilipomzidi akaishika nyundo.

Sasa sikilizeni, walikuwapo watu watatu karibu naye, kila mmoja na kipaji chake. Bi Rehani, mama wa marehemu, alikuwa na moyo wa kutoa. Fundi Shee, jirani, sonara aliyekuwa akimfundisha Kombo, alikuwa na sikio. Saumu, dada wa marehemu, alikuwa na mikono isiyochoka.

Bi Rehani akavua mguuni furungu lake la fedha.

"Yeyusha."

"Mama, si la harusi yako hili?"

"Nalivaa nimpendeze nani, paka? Yeyusha kabla sijageuza nia."

Fedha ilipoanza kulainika akageukia ukutani, asione. Bila furungu lile, Mwanamize angeponda hewa.

Fundi Shee hakuweza kuingia kwa mwanamke aliye edani, basi akafundisha kwa sikio, yeye upande wake wa ukuta. Mwanamize aliponda, akaponda, akiogopa kuwasha moto kila mara, mtoto asije akavuta moshi, na fedha ikapasuka. Mara ng'ambo ya ukuta:

"We binti! Husikii inavyolia? Ikitoa sauti nyembamba imeshakuwa ngumu, irudishe motoni ilainike!"

"Nitaijuaje hiyo sauti, Fundi?"

"Ni kama mwanao anapotaka kulala. Hiyo unaijua, au nayo nikufundishe?"

Mwanamize akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akayeyusha upya, akasikiliza, na haikupasuka tena. Bila sikio lile, angebaki na vipande.

Na Saumu je? Kila moto ulipowashwa alimfunga mtoto mgongoni akazunguka ua mpaka alfajiri.

"Wifi, keti kidogo."

"Nikikaa tu anafumbua macho, askari wa zamu huyu! Wewe gonga."

Usiku mmoja, Saumu alipopita karibu na moto, mtoto akateleza kutoka kwenye kanga, akatambaa mbio mbio kwenye makaa, na kiganja cha Saumu kikafika kwanza, kikaungua badala yake. Mwanamize akaitupa nyundo, analia, siwezi tena, siwezi. Saumu akaiokota kwa mkono mzima, akamrudishia. Bila mikono ile, kazi ingekufa usiku huo.

Kikuku kikakamilika. Lakini mji ule ulikuwa na desturi: kikuku cha kwanza cha fundi hakiuzwi. Fundi humvisha mtu mmoja, mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye aliyenifanya fundi." Asipofanya hivyo, hakuna atakayempa kazi. Na ni mmoja tu, hawawi wawili.

Eda inaisha kesho, naye atatoka kukivisha mbele ya watu. Bi Rehani anapapasa mguu wake mtupu. Fundi Shee, ambaye hakuwahi kuwa na mwanafunzi mwingine ila Kombo, anauliza kupitia ukutani, "Kimekaa vizuri?" kisha anauliza tena lilelile. Saumu, ambaye tangu azaliwe hajaitwa mbele ya watu kwa jambo lolote, amefua kanga yake nzuri, ameianika.

Mwanamize ameketi, kikuku mapajani, mtoto ubavuni. Hakuna aliyemdai, na afadhali wangemdai, angejua wa kumkasirikia. Anawapenda wote, ndiyo maana anakigeuzageuza tu. Akimvisha mmoja, atawaambia nini wawili ambao atakula nao chakula cha mchana?

Je, wewe ungeamua vipi? Usijibu kwa sauti, wako hapo karibu, watasikia. Sogea uninong'oneze. Sitamwambia mtu mwingine, si Bi Rehani, si Fundi Shee, wala Saumu. Nakuahidi.