Sufuria Juu ya Kipimamvua

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni ile ambayo kichwa changu kilikuwa bado na nywele, palikuwa na dereva mmoja wa malori mjinga sana. Jina lake Anangisye. Msimtafute mbali, ndiye huyu anayewasimulia.

Nimefika Lubumbashi, nimefika Lusaka, nimefika Harare. Durban nilifika kwa kupotea njia. Na kila nilikokwenda nilirudi na kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekiomba. Nilileta mashine ya kutengeneza barafu kwetu Rungwe, ambako asubuhi unaoga huku unalia. Nilileta miwani ya kuogelea, na mimi maji yakinifika magotini naita mama. Safari ya Durban nikaleta kituo cha hali ya hewa cha nyumbani.

Chekeni tu. Kwetu mvua haiulizwi itanyesha lini, inaulizwa itapumzika lini. Lakini nilisimika nguzo uani, nikafunga kipimaupepo chenye vikombe vitatu, nikafunga kipimajoto ndani ya kibanda cheupe, na chini yake nikaweka kipimamvua: kopo jeusi lenye mdomo wazi. Maji yakiingia huko, kioo kilichokaa sebuleni kinakuambia ni milimita ngapi. Kisha nikamwita mke wangu, Sekela, nikampa daftari.

"Mama Tusa, kila siku saa tatu asubuhi unasoma, unaandika. Na hiki kitu kimenigharimu. Nikiwa safarini, kitunze kama mtoto mchanga."

"Kama mtoto mchanga?"

"Kama mtoto mchanga."

"Basi safiri salama, Baba Tusa."

Nikasafiri. Nikirudi, mvua naandika mwenyewe. Nikiondoka, anaandika Sekela. Na kila mwaka mwezi wa Mei nilikuwa na safari ya Lubumbashi, wiki mbili na nusu, haikosi. Hivyo ikaenda miaka sita.

Mwaka wa saba mgongo ukaniambia lori basi. Nikakaa nyumbani, sina kazi, na hakuna kitu cha hatari kama dereva asiye na kazi mwenye madaftari sita. Nikayafungua. Nikasoma. Nikaruka juu ya kiti kama nimekalia moto.

"Mama Tusa! Mama Tusa! Njoo uone! Tarehe tano Mei hadi tarehe ishirini, mwaka wa kwanza, sifuri! Mwaka wa pili, sifuri! Miaka yote sita, sifuri, sifuri, sifuri!"

"Mei ya hapa hapa?" akauliza Sekela. "Mbona Mei tunalowa, Baba Tusa?"

"Kumbukumbu za binadamu zina makosa, mama. Mashine haina."

Nikalipa jambo hilo jina: Dirisha la Anangisye. Siku kumi na sita kavu katikati ya masika. Nikachora mchoro kwa kalamu ya bluu, nikaupeleka dukani, nikaupeleka kwenye kikao cha ushirika wa chai. Majirani wakaniambia, "Lakini mwaka jana Mei daraja lilisombwa na maji." Nikawauliza, "Mna takwimu?" Hawakuwa na takwimu. Walikuwa na daraja lililosombwa tu.

Wakati huo binti yetu, Tusajigwe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Dodoma aitwaye Lameki. Kijana mzuri, mpole, amelelewa na shangazi yake, Shangazi Yunisi. Huyo mama ndiye aliyeleta barua ya posa. Akashuka kwenye gari amevaa viatu vyeupe, akakanyaga tope letu mara moja, likamchukua. Aliteleza toka barabarani, akapita mlango wa mbele, akapita jikoni kwa nje, akasimama zizini, uso kwa uso na ng'ombe wangu. Barua ya posa ilikuwa bado mkononi. Akainyoosha, ng'ombe akaipokea.

Alipokwisha kuogeshwa akasema maneno mbele ya wazee wote.

"Mzazi mwenzangu, binti ni mzuri, sina neno. Lakini siku ya harusi, nasema siku ya harusi, mvua ya kwenu ikinigusa hata tone moja, namshika Lameki wangu mkono narudi naye Dodoma. Bila ndoa. Mmesikia?"

Tukasikia. Na Lameki alikuwa amepata nafasi ya kwenda masomoni ng'ambo miaka miwili, anaondoka tarehe ishirini na tano Mei. Ndoa ifungwe kabla, au Tusajigwe angoje miaka miwili na kutazama simu. Wazee wakakuna vichwa. Mei! Ukavu utatoka wapi?

Nikasimama. Nikatoa mchoro wangu wa kalamu ya bluu.

"Shangazi," nikasema, "tarehe kumi na nne Mei. Ukilowa, niite mbuzi."

Shangazi akavaa miwani, akaangalia mchoro mbele, akaangalia nyuma, akasema, "Hii ni sayansi. Nimekubali."

Na kwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa letu alikuwa huyo huyo mjinga wa hadithi hii, nikaona nisipoteze nafasi. Nikaagiza mabati ya zamani yashushwe ndani ya Dirisha, tuweke mapya. Mchungaji Mwaisaka aliniuliza, "Mzee, una uhakika?" Nikamwambia, "Mchungaji, mwenye imani ni nani hapa?"

Siku ikafika. Jua limetoka, jamani, jua la kupikia mayai! Kanisa halina paa, maharusi wanang'aa, Shangazi Yunisi amekaa mstari wa mbele na viatu vyeupe vipya. Nilikuwa napunga mkono kama mbunge. Mchungaji akasema, "Je, wewe Lameki, unakubali..."

Tone.

Lilianguka juu ya pua ya Shangazi. Moja tu, nene. Akalifuta. Akaliangalia kidoleni. Na mbingu, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa, zikajimwaga zote.

Shangazi akasimama. "Lameki, twende."

"Shangazi, ngoja..."

"Ningoje nini, niote majani? Lakini siondoki bila jina. Nani aliyenileta kwenye mvua hii? Nani aliyesema ni kavu? Nataka jina!"

Kanisa zima likanigeukia. Nami, mwanamume niliyevuka mipaka mitano, nikajificha nyuma ya shada la maua.

"Si mimi, Shangazi! Mimi nilinunua mashine tu. Miezi ya Mei yote sikuwepo, nilikuwa Lubumbashi! Zile sifuri aliziandika mke wangu. Mwulize Mama Tusa!"

Sekela akaweka mikono kiunoni, maji yanamchuruzika toka kilembani.

"Si mimi! Mimi nilifanya nilichoambiwa. Uliniambia nikitunze kama mtoto mchanga. Mvua ikija, nakifunika na sufuria. Mvua ikiisha, nakifunua. Nasoma: sifuri. Naandika: sifuri. Mtoto mchanga anaachwa mvuani?"

Nikachungulia kando ya shada.

"Ulikifunika," nikasema. "Kipimamvua. Wakati wa mvua."

"Na sufuria kubwa, ile ya ubwabwa. Kila nikiona sifuri nilifurahi, nikasema kweli hakijalowa, Baba Tusa atanisifu."

"Mama Tusa! Ile sifuri ilikuwa ya mvua!"

"Sasa ungesema!"

Ndipo bibi harusi akaangua kicheko ndani ya shela. Mama yake akamtazama.

"Tusajigwe, unacheka nini? Wewe ulijua?"

"Mama, mwaka jana Mei nilikuwa likizo. Niliona kioo kinasema sifuri na mimi nimelowa hadi soksi. Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, lililonyooka pande zote, nikaliweka uani mbali na ukuta na migomba. Kila saa tatu nikapima maji kwa rula. Siku ya kwanza kopo likasema arobaini na moja, mashine ikasema sifuri. Siku ya pili kopo hamsini na tatu, mashine sifuri. Siku ya tatu nikachungulia dirishani, nikakuona unakimbia na sufuria."

"Na hukusema!" nikapiga kelele toka nyuma ya maua.

"Nilingoja urudi nikwambie, baba. Ukarudi. Nikasema kesho. Halafu ukaja na Dirisha, halafu Shangazi akakubali tarehe, na Lameki anaondoka. Ningesema, ningeolewa lini? Lakini si mimi! Mimi nilinyamaza tu. Mtu aliyenyamaza amesema nini?"

Shangazi Yunisi alituangalia mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya mbovu. "Familia yote hii," akasema, "haina hata mmoja wa kupewa lawama. Lameki, twende!"

Akamshika mkono, akatoka. Na mlango wa kanisa letu, wageni hawajui, unafungukia mteremko.

Viatu vyeupe vikaenda. Shangazi akaenda navyo. Lameki, kwa kuwa ameshikwa mkono, akaenda. Tusajigwe akamdaka Lameki koti, akaenda. Sekela akamdaka Tusajigwe gauni, akaenda. Mimi nikamdaka Sekela, si kwa ushujaa, nilikuwa nateleza tayari. Mchungaji akatupigia kelele tusimame, akakanyaga pale pale tulipokanyaga, akaja na kitabu chake. Tulishuka kama mabehewa ya treni! Tukapita shamba la viazi, tukapita migomba ya mwalimu mkuu, tukafika bondeni, lundo moja, rangi moja. Usingejua nani wa Dodoma nani wa Rungwe.

Chini ya lundo ikasikika sauti. Nikadhani Shangazi amevunjika. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, akapigwa mgongoni, akacheka tena.

"Toka mume wangu afariki," akasema, "miaka tisa, sijacheka. Miaka tisa! Mchungaji, kitabu kiko wapi? Malizia!"

Mchungaji akamalizia hapo hapo, chini ya majani ya migomba. Lameki akasema ndiyo, akitema tope. Tusajigwe akasema ndiyo. Tukarudi juu kwa kamba ya ng'ombe.

Lameki akaenda masomoni, akarudi. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Kwa kina Lameki, jina la mtoto wa kwanza hutolewa na shangazi, na Shangazi Yunisi akaleta ujumbe kwa simu, nasi tukawasha sauti kubwa, tukiwa sebuleni wote watatu, mimi, Sekela na Tusajigwe.

"Jina sitoi mimi. Namwachia yule aliyenileta kwenye mvua ile. Yeye ndiye alinirudishia kicheko. Mje naye ubatizoni, asimame, ataje jina la mtoto."

Simu ikakatika. Tukatazamana.

"Ni mimi!" nikasema. "Nani alinunua mashine? Nani aliona Dirisha? Nani alisimama mbele ya wazee na mchoro? Bila mimi Shangazi angekuwa Dodoma kukavu hadi leo." Na jina nilikuwa nalo, nilitaka mtoto aitwe Mei.

"Ni mimi!" akasema Sekela. "Ulinunua, halafu ukaenda wapi? Lubumbashi! Nani alikimbia na sufuria miaka sita, usiku na mchana, miguu peku? Bila sufuria yangu pasingekuwa na sifuri, na bila sifuri Dirisha lako lingekuwa ukuta." Na jina alikuwa nalo pia. Kabula, mama yake. Bibi Kabula alikufa kabla hajaona kitukuu, na katika ukoo wote hakuna aliyelibeba jina lake. Aliposema hivyo hakutania, na mimi nikajifanya natafuta miwani.

"Ni mimi," akasema Tusajigwe, ananyonyesha. "Nyie wawili hamkujua mnachofanya. Mmoja aliamini mashine, mmoja alifunika mashine. Mimi peke yangu nilipima, mimi peke yangu nilijua kuwa tarehe kumi na nne itanyesha. Neno langu moja lingezuia kila kitu, na nikalimeza. Mvua ile niliichagua."

"Na jina?" tukamuuliza.

"Ninalo tangu mimba ya miezi mitatu."

"Lipi?"

Akanyamaza. Huyo ndiye Tusajigwe.

Tukabishana wiki nne. Majirani wakagawanyika. Wanaume wa ushirika wa chai wakawa upande wa Sekela, wanasema sufuria ndiyo kazi. Walimu wakawa upande wa Tusajigwe. Upande wangu alikuwepo ng'ombe. Na mtoto, kwa kuwa lazima aitwe kitu, kijiji kizima kikawa kinamwita Milimita.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Kanisa lina mabati mapya, na juu ya mabati, mnajua wenyewe, inanyesha. Shangazi Yunisi yuko mstari wa mbele, safari hii na mabuti ya mpira. Uani kwangu kuna mashine, na ubavuni mwake kuna kopo la maziwa ya unga na rula, na ile sufuria imefungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Asubuhi hiyo mashine ilisema kumi na tisa, kopo likasema ishirini. Nikaandika yote mawili.

Mchungaji Mwaisaka akampakata Milimita, akachovya vidole kwenye maji.

"Aliyemleta Shangazi mvuani asimame," akasema, "ataje jina."

Tukasimama watatu.

Mchungaji akamtazama Shangazi. Shangazi akacheka, akainua mikono, akasema yeye hawezi, tuwaulize waliokaa. Nami ndio nawauliza ninyi, na fanyeni haraka, maana mkono wa Mchungaji uko hewani, maji yanadondoka, na mtoto ameanza kukunja uso. Yupo aliyenunua na kutangaza asichokihakiki. Yupo aliyefunika kwa upendo. Yupo aliyepima, akajua, akanyamaza.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?